Ngitili ya shule: kufundisha utunzaji wa ardhi kwa maarifa ya Wasukuma, wataalamu wa udongo na wengineo

Mwongozo huu ni wa walimu wa shule za msingi za Shinyanga, Simiyu na wilaya za jirani, mahali ambapo mtoto analijua neno ngitili tangu nyumbani lakini akifika darasani halisikii tena. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili majani, vichaka na miti virudi, kisha linafunguliwa kiangazi kikishakolea, kwa mifugo yenye shida zaidi: ndama, waliozeeka, wagonjwa na maksai wa kulimia. Tunachopendekeza ni ngitili ndogo ya shule, mita 20 kwa 20, ambayo wanafunzi wataifunga, wataipima na kuifungua wenyewe.

Uzito wa somo uko kwenye maamuzi: nani anafunga, lini, na nani ana ruhusa ya kufungua. Shule nyingi hupanda miche Siku ya Miti, hupiga picha na mgeni rasmi, na ikifika Septemba miche imekauka. Maji ni sababu mojawapo. Sababu kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyekabidhiwa eneo lile, hivyo mbuzi wakiingia kila mtu anadhani ni kazi ya mwingine.

Historia ambayo mwalimu anatakiwa kuijua kabla ya kukutana na wazee

Ukifundisha kwamba miti ya Usukumani iliisha kwa sababu "watu walikata ovyo", wazee watakunyamazia kwa adabu na somo litakuwa limeharibika. Wakati wa ukoloni misitu na vichaka vilifyekwa kwa makusudi ili kumwondoa mbung'o, na machoni pa maofisa wa wakati huo pori lilimaanisha ugonjwa. Pamba ikapanuka na mifugo ikaongezeka. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikazihamisha kaya kutoka kwenye maeneo yao, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Uliungwa mkono na Norwei pamoja na shirika la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Maendeleo makubwa yalionekana pale wataalamu walipoifuata desturi ya ngitili, ambayo wenyeji walikuwa nayo tayari. Kutoka hekta 600 hivi zilizorekodiwa mwaka 1986, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Waeleze wanafunzi pande zote mbili. Enzi za ukoloni wataalamu wa serikali walihimiza kufyeka, na miongo kadhaa baadaye wataalamu waliowafuatia wakaja kujifunza kwa wafugaji namna ya kurudisha.

Kalenda

Mvua za Shinyanga ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka wa kawaida. Kazi hii kwa hiyo haitoshei ndani ya muhula mmoja. Anza na Darasa la Nne baada ya upimaji wa taifa wa mwishoni mwa Oktoba, wakati wanafunzi wana nafasi. Watafunga eneo Novemba, na mwaka unaofuata wakiwa Darasa la Tano watapima tena Februari na Mei, na kufungua Agosti au Septemba. Ukianza Januari umechelewa: nyasi za mwanzo zimeshaliwa, na hutakuwa na vipimo vya ardhi ikiwa tupu.

Hatua ya 1: Ruhusa

Unahitaji ruhusa tatu, kwa mpangilio huu: mkuu wa shule, kamati ya shule, kisha serikali ya kijiji kupitia mwenyekiti na mtendaji. Ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoleta ugomvi. Mipaka ya shule nyingi haina alama, na pale unapopaona wazi panaweza kuwa njia ya ng'ombe kwenda lambo tangu zamani. Omba jambo litangazwe kwenye mkutano wa kijiji, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wapewe taarifa. Eneo lililotangazwa lina ulinzi hata kabla ya uzio.

Hatua ya 2: Kuchagua mahali

Tafuta maeneo mawili ya mita 20 kwa 20 yaliyo jirani, kwenye mteremko uleule na udongo uleule. Moja litafungwa, jingine litabaki wazi kwa kulinganisha. Eneo lenye visiki vinavyochipua ni bora kuliko eneo jeupe kabisa, kwa kuwa mizizi iliyo hai chini ya ardhi hurudisha mti haraka kuliko mche wowote.

Hapa ndipo mzee wa kwanza anapohitajika, kabla hata ya kamba kuvutwa. Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo yanayofuata mteremko kutoka juu hadi bondeni. Luseni ni kichanga chepesi cha juu. Itogolo ni udongo wa kijivu unaokakamaa ukikauka. Ibambasi ni ule mgumu usiopitisha maji, na mbuga ni udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, aliandika nadharia ya kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio kwenye mteremko kama pingili za mnyororo, nadharia ambayo hadi leo inafundishwa vyuoni duniani kote. Wapeleke wanafunzi watembee mteremko na mzee, wachukue kiganja cha udongo kila unapobadilika, waandike jina la Kisukuma, rangi, na kama unaviringika ukiloweshwa. Luseni hauviringiki, unamomonyoka vidoleni. Ule wa mbuga unatengeneza kamba nyembamba unayoweza kuikunja bila kukatika. Rudini darasani mchore mteremko ule, na hilo ni somo zima la Jiografia na Mazingira.

Kosa la kawaida hatua hii ni kuweka eneo moja kwenye luseni na jingine kwenye ibambasi. Vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vinapima tofauti ya udongo, na wanafunzi watadhani ni matunda ya kufunga.

Hatua ya 3: Kuwaalika wazee na kuwauliza maswali yanayojibika

Waalike angalau watu wanne, nusu yao wawe wanawake. Akialikwa babu peke yake mtapata habari za ng'ombe, nyasi na mipaka. Bibi atawaambia mambo ambayo babu hayatazami: kuni zipi hazina moshi mwingi, majani ya kuezekea yanakatwa lini, mboga gani za porini zinatangulia mvua ikinyesha, na namna majani ya kunde yanavyoanikwa kuwa nsansa au viazi kuwa michembe na matobolwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Hayo yote ni matumizi ya ardhi, na mara nyingi ndiyo yanayogombaniwa.

Wafuate nyumbani, usitume barua. Panga nauli, chai na chakula. Mtu mzima hatembezwi kilomita nne juani kwa soda moja. Waache wazungumze Kisukuma kama ndiyo lugha inayowatoka vizuri. Mwalimu asiyekijua atafutiwe mkalimani mtu mzima, kwani mtoto akitafsiri mbele ya babu yake hufupisha na kuona haya.

Swali kama "mila zetu zinasemaje kuhusu mazingira?" huzaa hotuba. Wanafunzi waandae maswali ya vitu na matukio:

– Unajuaje kwamba sasa majani yamekomaa vya kutosha kufungua?
– Nyasi gani hutangulia kurudi eneo likifungwa, na gani huja mwishoni?
– Nani alikuwa na neno la mwisho? Mwenye ng'ombe wengi na asiye na ng'ombe walisikilizwa sawa?
– Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alifanywa nini?
– Ni mwaka gani ngitili ilishindwa, na kwa nini?

Swali la mwisho lina thamani kuliko yote. Bila hilo wanafunzi watabaki na picha ya zamani isiyo na dosari, na maarifa yatageuka mapambo ya siku ya utamaduni. Wazee wakipingana, andikeni majibu yote mawili na jina la kila aliyesema, iwapo ameridhia kuandikwa.

Jambo moja lina mpaka: dawa. Wazee wanaweza kutaja mti na kazi yake, lakini msiandike kipimo wala namna ya kuandaa, na usimruhusu mtoto kuonja chochote. Ujuzi wa dawa una wenyewe katika ukoo, na pia kuna mizizi inayoua.

Hatua ya 4: Kufunga, na kutunga sheria

Mnahitaji vigingi 4 vya pembeni na vingine vidogo vya kujazia kila mita 5, kamba ya mita 80, na uzio hai. Usikate matawi ya miiba kutengeneza boma la kulinda miti. Wanafunzi wataona mnabomoa upande mmoja ili mjenge mwingine.

Uzio hai wa kawaida huko ni minyaa, ambayo wengi huiita manyara. Inashika haraka na mifugo haiigusi. Utomvu wake mweupe, hata hivyo, unachoma ngozi na ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa. Vipande vikatwe na mtu mzima aliyevaa glavu na mikono mirefu, vya sentimeta 40 hivi, kisha viachwe kivulini siku mbili utomvu ukauke. Ndipo wanafunzi wavipande kwa umbali wa sentimeta 20, theluthi moja ikiwa ardhini, mvua ya pili au ya tatu ikishanyesha. Ndoo ya maji safi iwe karibu muda wote. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, halafu nenda zahanati hata kama maumivu yamepungua. Kama shule ina watoto wadogo wanaocheza eneo lile, panda mkonge.

Sheria zitungwe kwa mkutano wa darasa uliopangwa kama dagashida, baraza la Wasukuma ambamo neno huzunguka hadi watu wakubaliane. Gawa nafasi: mwenye ng'ombe 60, kaya isiyo na ng'ombe hata mmoja, mama anayetafuta kuni, kijana anayetaka kuchoma mkaa, ofisa misitu wa wilaya. Kila mmoja aeleze anachopoteza eneo likifungwa. Usiharakishe sehemu hii. Ngitili zimewahi kuwabana maskini, hasa pale mwenye ardhi kubwa alipofunga eneo lililokuwa malisho ya wote, na watoto wa kaya hizo wamo darasani mwako. Dakika 80, yaani vipindi viwili vilivyounganishwa, zinatosha. Matokeo yawe sheria zisizozidi tano, pamoja na adhabu inayotekelezeka. Adhabu ya "viboko" ikitajwa, na itatajwa, warudishe kwenye majibu ya wazee: faini zilikuwa za kufidia kilichopotea.

Kabla ya likizo ya Desemba, andika majina ya kaya nne zinazoishi karibu zitakazopita kuangalia, kila moja wiki moja. Ngitili nyingi za shule hufa kati ya tarehe 10 Desemba na shule kufunguliwa Januari, mwalimu akiwa kwao.

Hatua ya 5: Kupima

Pimeni mara tatu: siku ya kufunga, mwishoni mwa Februari, na mwishoni mwa Mei. Vipimo vitatu vinatosha. Ukiongeza, daftari litajaa na hakuna atakayelisoma.

*Kufunikwa kwa ardhi.* Funga vifundo 20 kwenye kamba ya mita 20, kimoja kila mita. Ilaze kamba katika eneo mara tano, mahali tofauti. Chini ya kila kifundo mwanafunzi aandike anachokiona: nyasi, majani makavu, mti au kichaka, au udongo mtupu. Vifundo ni 100 kwa jumla, kwa hiyo idadi yenyewe ndiyo asilimia na hakuna kugawanya. Rudieni eneo la wazi. Mpimaji atazame chini ya kifundo hasa. Watoto hupenda kuchagua jani lililo karibu kwa sababu wanataka eneo lao lishinde.

*Maji kuingia ardhini.* Chukua kopo la bati lenye upana wa sentimeta 11 hivi na urefu usiopungua 10, toa pande zote mbili, funika kingo kali kwa utepe wa gundi sehemu ya kushikia. Lizamishe sentimeta 3 kwa kugonga kipande cha ubao juu yake. Mimina nusu lita, ambayo ni sawa na kina cha sentimeta 5 hivi, na uhesabu dakika hadi maji yaishe. Fanyeni mahali patatu kila eneo, asubuhi ileile. Udongo uliolowa jana unakunywa polepole kuliko mkavu, na hapo ndipo vipimo vya siku tofauti vinapodanganya. Maji yakichuruzika pembeni, kopo halikuzama vizuri. Toa na uanze upya mahali pengine.

*Machipukizi.* Hesabu visiki vyenye uhai, na kwa kila kimoja idadi ya machipukizi na urefu wa lililo refu zaidi. Hapa ingiza maarifa kutoka nje ya Usukumani. Katika jimbo la Maradi, Nijeri, kuanzia miaka ya 1980, wakulima walirudisha miti mashambani kwa kuchagua machipukizi ya visiki vilivyokuwa hai badala ya kupanda miche, kazi ambayo Mwaustralia Tony Rinaudo aliisimamia. Dodoma njia hiyo inajulikana kwa jina la Kisiki Hai. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine kwa kisu kikali ukielekea juu, kisha pogoa matawi ya nusu ya chini ya yale yaliyobaki. Acheni visiki vitatu bila kuguswa, mfano halisi wa ngitili isiyopogolewa, ili mwaka unapoisha wanafunzi wajionee wenyewe njia ipi imekuza mti mrefu zaidi na ipi imetoa majani mengi ya ndama. Mara nyingi majibu ya maswali hayo mawili hayafanani, na ofisa misitu na mfugaji watavutana juu ya hilo hata mbele ya darasa. Waache.

Kipima mvua cha chupa ya plastiki iliyonyooka kinasaidia Hisabati: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 imeshusha lita 8,000 kwenye eneo lenu. Waulize zimekwenda wapi.

Hatua ya 6: Kinga ya moto

Kuanzia Juni nyasi ndefu ndani ya uzio ni hatari. Palilia ukanda wa mita 3 kuzunguka eneo lote, uwe udongo mtupu, na urudie Julai. Takataka za shule zisichomwe upande unaotoka upepo. Ukanda wa mita moja haufai kitu; cheche za nyasi kavu huruka.

Hatua ya 7: Kufungua

Msifungue kwa tarehe. Waiteni wazee walewale Agosti waangalie, wanafunzi waandike wanachokitazama: mbegu zimedondoka au bado, shina linakatika au linapinda, mifugo ya kijiji imekondeana kiasi gani. Maksai ndio hoja kubwa. Kazi ya kulima inaanza wakati ule ambao ng'ombe amechoka kuliko miezi yote, na akiba ya ngitili ndiyo inayompa nguvu ya kuvuta plau.

Kisha linganisheni na hesabu. Kateni nyasi kwenye miraba mitano ya mita 1 kwa 1, sentimeta 5 juu ya ardhi, zianikwe hadi uzito usipungue tena, siku tatu au nne. Tuseme zote tano zimetoa gramu 900. Wastani ni gramu 180 kwa mraba, mara mita za mraba 400 ni kilo 72. Nusu inabaki kulinda udongo na kutoa mbegu, kwa hiyo kuna kilo 36 za kuliwa. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 240 hula malisho makavu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6. Eneo lote linamlisha ng'ombe mmoja siku 6. Wanafunzi hushtuka, na ni vizuri washtuke: waulize ng'ombe 60 wa yule tajiri wa kwenye mkutano wanahitaji hekta ngapi kwa miezi miwili.

Gawa eneo vipande vinne kwa kamba na ufungue kimoja baada ya kingine. Ukifungua lote, ng'ombe atachagua nyasi tamu kila mahali na kukanyaga zilizobaki. Nani alishe apangwe na mkutano wa darasa kufuatana na sheria walizotunga Novemba, na majani ya kuezekea yakatwe kabla ya mifugo kuingia.

Shule isiyo Usukumani

Usiichukue ngitili na kuipeleka Mbinga. Wamatengo wana ngoro zao, mashimo ya kulimia kwenye miteremko mikali, na humo somo linahusu maji na mmomonyoko. Kilimanjaro kuna vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, na mifereji ya mfongo, ambako swali kubwa ni zamu ya maji. Wamaasai wana alalili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Kwa Wamijikenda wa Kilifi na Kwale, Kenya, kuna misitu mitakatifu iitwayo kaya, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huko ruhusa ya wazee wa kaya inatangulia mambo yote, na zipo sehemu ambazo wanafunzi hawaingii kabisa. Kinachohamishika ni mpangilio: historia ya pande zote, mwenye maarifa aulizwe maswali yanayojibika, kitu kipimwe, watoto waamue jambo lenye matokeo.

Daftari

Kila kitu kiandikwe kwenye kaunta buku moja inayokaa ofisini, si kwa mwalimu. Ukurasa wa kwanza uwe na mchoro wa eneo wenye hatua zilizohesabiwa kutoka kwenye kitu kisichohama, kama kona ya jengo la madarasa, kwa sababu vigingi huliwa na mchwa au hubebwa kuwa kuni. Fuatisheni sheria za darasa, majina ya mimea kwa Kisukuma na Kiswahili, vipimo vyenye tarehe, na majina ya waliohusika. Jina la kisayansi liandikwe tu kama ofisa misitu amelithibitisha, maana migunga ni mingi na picha za kwenye simu zinachanganya. Mwalimu akihamishwa, makabidhiano yafanyike mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shule, naye asaini. Novemba inayofuata Darasa la Tano wasimame na Darasa la Nne kwenye eneo lile, wawasomee sheria, na wadogo wawe na haki ya kuzibadilisha kabla ya kufunga tena.